Kazi Isipokupa Raha, Uliza Inamfaa Nani

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii kuna swali limenikalia moyoni, kwa sababu limeletwa na watu tofauti kwa maneno karibu yale yale: "Biashara hii hainipi furaha tena. Je, ni Mungu ananiambia niiache?" Anauliza mwenye kibanda cha chakula Kawangware, anauliza mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road, anauliza kijana mwenye ofisi ndogo Westlands na wafanyakazi wanne. Swali hilo linatoka kwenye maumivu ya kweli na halifai kudharauliwa. Ila nahofia tumeanza kuichukua furaha kuwa ndiyo sauti ya Roho Mtakatifu: ikiwepo, Mungu amekubali, ikipotea, Mungu amehama.

Aliyeitafuta furaha kupitia kazi mpaka mwisho wa njia tunamjua. Katika Mhubiri sura ya 2 alijenga nyumba, akapanda mizabibu, akachimba mabirika, akakusanya fedha na dhahabu, wala hakuuzuia moyo wake na furaha yoyote. Alipokaa kupiga hesabu, aliona ubatili na kujilisha upepo. Kisha tusome Waebrania 12:2. Bwana wetu aliustahimili msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake. Iliwekwa mbele. Ijumaa ile mikononi mwake palikuwa na misumari.

Kabla hatujaenda mbali rohoni, tufungue daftari. Uchovu mwingi tunaouita vita vya kiroho ni hesabu ambayo haijawahi kupigwa. Tuseme kibanda kinauza shilingi 6,000 kwa siku. Unga, nyama, mboga na mafuta vinakula 4,200. Mkaa 350. Kodi ni 12,000 kwa mwezi, ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 460. Msaidizi analipwa 800. Mwenye kibanda anabaki na shilingi 190 kwa saa kumi na nne za kusimama, yaani chini ya shilingi 14 kwa saa. Mtu huyo atakosaje kuchoka? Anachohitaji kwanza ni kupima kila kinachoingia kwenye sufuria kwa wiki nne, kuandika mshahara wake mwenyewe kama gharama, kutenganisha till ya biashara (namba ya kupokelea malipo) na simu ya nyumbani, na kuwadai wanaokula kwa mkopo. Mara nyingi hasara hujificha kwenye kipimo cha nyama kinachokadiriwa kwa jicho, au kwenye pesa ya mauzo inayotumwa nyumbani saa nane mchana kabla bidhaa za kesho hazijanunuliwa. Luka 14:28 inamwambia mjenzi aketi kwanza ahesabu gharama. Na kuna mwingine ambaye hesabu zake ziko sawa ila hajapumzika siku hata moja kwa wiki. Huyo amri ya nne inamtosha.

Ukishatoa hayo mawili, linabaki swali lenyewe. Hesabu zinakubali, umelala usingizi, na bado kazi haina utamu. Hapo tujifunze kwa waliojenga mambo makubwa.

Govindappa Venkataswamy alikuwa daktari wa macho kule India. Hakuwa wa imani yetu, lakini Mungu huwaangazia watu wote jua lake. Akiwa bado kijana, ugonjwa wa baridi yabisi ulimpinda vidole, na daktari wa upasuaji asiye na vidole ni kama amemaliza safari. Akajifunza upya kushika kisu, akaendelea kuondoa mtoto wa jicho mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1976, akiwa na miaka 58 na amestaafu serikalini, alianza hospitali ya vitanda 11 mjini Madurai, akaweka nyumba yake rehani. Utendaji wake unafaa kusomwa kwa makini. Chumba cha upasuaji kina meza mbili. Daktari akimalizia mgonjwa wa meza hii, wa meza ile ameshaandaliwa na wauguzi, na daktari anageuza hadubini tu. Wengi wa wauguzi hao ni wasichana kutoka vijijini waliofundishwa palepale. Anayeweza kulipa analipa, na malipo yake yanamgharamia asiyeweza, kwa daktari yule yule na upasuaji ule ule. Lenzi za kuwekwa ndani ya jicho zilipokuwa ghali mno kwa maskini, mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao na kuziuza kwa sehemu ndogo ya bei ya zamani. Mikono ile iliyopinda ilifanya upasuaji zaidi ya 100,000. Sidhani kama kila asubuhi iliamka bila maumivu.

Hapa kwetu tuna benki ya Equity. Ilianza Kangema mwaka 1984 kama chama cha kukopeshea watu pesa za kujenga, na kufikia 1993 kwa mahesabu ilikuwa imefilisika. James Mwangi na wenzake wangeweza kuondoka bila kulaumiwa na mtu. Badala yake wakamgeukia mkulima na mchuuzi ambaye benki nyingine zilimfungia mlango kwa sababu hakufikia kiwango cha chini cha salio walichodai.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote hauna jina kubwa. Nenda Shauri Moyo, Nairobi, usikie nyundo za mafundi wa bati. Lile jiko la makaa lenye udongo ndani, lililo karibu kila nyumba mtaani, lilipata umbo lake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bati lake limebana katikati kama kiuno, na udongo uliochomwa unakaa sehemu ya juu tu, penye moto. Hutajwa kwamba hupunguza mkaa kwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Halikufungiwa hataza, kwa hiyo fundi yeyote aliruhusiwa kulitengeneza, na mfano wake ukaenea hadi nchi jirani.

Sasa tazama mahali uaminifu unapojaribiwa. Udongo ukianikwa kwenye jua kali ili ukauke haraka, unapata nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni. Ukitolewa kwenye tanuri kabla haujaiva, unabomoka. Kati ya udongo na bati hujazwa mchanganyiko wa saruji; fundi akibania saruji, udongo unacheza na siku moja unadondoka na makaa yake. Dukani majiko yote mawili yanang'aa kwa rangi ile ile. Tofauti anaigundua mama wa Mukuru baada ya wiki chache, anapoanza tena kununua makopo mawili ya mkaa pale kopo moja lilipotosha. Fundi aliyekausha udongo kivulini polepole hatamwona mama huyo, wala hatashukuriwa naye. Wala kukanda udongo siku nzima si starehe. Wakolosai 3:23 inasema, "Lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana." Mtu huyo anazipikia nyumba asizozijua, na kuwaachia wenyewe shilingi mfukoni. Ukiniuliza kama aache kwa sababu kazi imemchosha, nitamwomba asiache.

Hapa wapendwa niseme neno gumu, kwa sababu wako wanaolipokea fundisho hili, kwamba kazi ipimwe kwa anayefaidika nayo kuliko kwa raha yetu, kwa shangwe na kuligeuza kuwa fimbo ya kuwachapia wengine. "Tunafanya kazi ya Mungu hapa, usiulize mshahara." Hapana.

Familia ya Cadbury, watengenezaji wa chokoleti wa Uingereza, walikuwa Wakristo wa dhati wa dhehebu la Quaker. Mwaka 1879 walihamishia kiwanda chao Bournville, nje ya moshi wa Birmingham, na baadaye kukajengwa pale nyumba nzuri zenye bustani. Watu waliwasifu, na walistahili. Lakini mwaka 1901 walipata habari kwamba kakao waliyoinunua kutoka São Tomé, kisiwa kilichokuwa koloni la Ureno, ilivunwa na watu waliotendewa kama watumwa. Wakatuma wachunguzi, wakaandika barua, wakajadiliana na Wareno. Waliacha kununua mwaka 1909. Miaka minane! Watu wenye kusali, wenye nia njema, na bado kakao iliendelea kuja melini.

Basi kabla hujaniambia biashara yako inagusa jamii, niambie kwanza inavyomgusa anayefagia ndani yake. Matokeo ya kazi yako yanaanza kuhesabiwa kwa aliye karibu. Walawi 19:13 inasema ujira wa aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Unapiga kelele mbele za Mungu wakati wewe umepewa kipaza sauti Jumapili utoe ushuhuda wa jinsi Bwana alivyoipanua biashara.

Tuseme waziwazi. Unamkata mfanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya SHIF, mfuko wa bima ya afya. Pesa hiyo haijawahi kuwa yako. Inatakiwa ifike kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Wengi huizungusha kidogo, "ninunue mzigo kwanza, nitairudisha." Mzigo unachelewa kuuzika, mwezi unapita. Kisha mtoto wa mfanyakazi anaugua usiku, mama yake, ndiye huyo mfanyakazi wako, anafika kaunta ya hospitali na kitambulisho mkononi, na anaambiwa michango yake haionekani. Karatasi yake ya mshahara inaonyesha amekatwa kila mwezi. Ni wewe uliyemsimamisha pale kaunta, ndugu yangu, na hakuna zaka inayoweza kulifunika hilo.

Dawa yake ni ya kawaida kabisa. Fungua akaunti ya pili isiyo na kadi. Kila siku ya mauzo, kabla ya kununua mzigo, ondoa sehemu ya mishahara na makato ya siku hiyo uiweke huko. Kama mishahara na makato ni 78,000 kwa mwezi, kwa siku 26 ni 3,000. Siku mauzo yasipotosha 3,000, andika pengo hilo. Mapengo yakizidi sita kwa mwezi, keti na wafanyakazi wako uwaambie ukweli mapema, wakiwa bado na muda wa kujipanga, badala ya kuzima simu tarehe 30.

Mwenye deni la mshahara wa mwezi uliopita asingoje tafakari nyingine. Mathayo 5:24 inasema iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza. Jumapili hii bahasha yako ya sadaka ipeleke kwa mfanyakazi unayemdaiwa. Mchungaji ataelewa.