Kununua msitu ili usikatwe

Nimetoka sasa hivi ofisi ya kijiji, huku Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza.

Kuna mzee anauza kipande chake cha msitu. Sisi tunakitaka kibaki vilevile.

Mjumbe mmoja wa halmashauri akauliza, "Mtapanda nini?"
Hatupandi.
"Mtajenga?"
Hapana.

Wakatazamana.

Nawaelewa. Huku iliki hulimwa chini ya miti mikubwa: vichaka vinafyekwa, miche ya msitu inakwenda navyo, na mti mkongwe ukianguka hauna mrithi. Shamba lisilofyekwa linaonekana limetelekezwa.

Na ardhi ya kijiji hainunuliwi kama gunia la mahindi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, msimamizi ni halmashauri ya kijiji. Unachopata ni haki ya kuitumia. Watoto wa mzee nao wana neno lao.

Asubuhi mzee alishika shina la msambu, akaniambia: "Huu babu yangu aliukuta. Lakini mjukuu anaingia sekondari. Mkichelewa, namwita mwenye msumeno."

Imeniuma, maana ana haki.

Kikao kimeahirishwa. Jamani, mliopitia haya, kwenye fomu ya kuomba ardhi mliandika matumizi gani?