Vali iliyonyamaza

Kisumu, chumba cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), leo asubuhi.

Mama wa watu ana vali bandia ya mitrali (mlango kati ya chemba mbili za kushoto za moyo) yenye vibawa viwili. Homa ya baridi yabisi iliharibu ile ya kuzaliwa.

"Daktari, usiku siisikii tena ile tik-tik."

Mlio huo ni wa vali ikijifunga. Maneno hayo tu yalitosha kutushtua.

Eko ya kifuani: tofauti ya wastani ya shinikizo kati ya pande mbili za vali ni milimita 12 za zebaki. Kawaida ni 5 au chini. Lakini usihukumu kwa namba pekee; moyo kwenda mbio au upungufu wa damu huipandisha pia. Tena vali ya namna hii hutupa kivuli cheusi juu ya chemba ya kushoto ya juu, palepale donge la damu linapojificha.

Kwa hiyo tukapitia umioni, njia ya chakula. Saa 6 bila kula, koo likatiwa ganzi, mpira wa eko ukashuka taratibu. Umio umelala nyuma ya chemba hiyo, kwa hiyo kivuli huangukia upande wa pili.

Kibawa kimoja kilipepea. Cha pili kilitikisika kidogo tu, donge laini limeshikilia bawabani.

INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda: 1.4. Ilipaswa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilimwishia wiki tatu zilizopita, na nauli ya kliniki hana.

Amelazwa, heparini, dawa nyingine ya aina hiyo, inaingia.

Wenye vali za namna hii, au mnaowauguza: mlipima INR lini? Na ule mlio, bado mnausikia? Niandikieni hapa chini.