Bomba la kusafishia bunduki lilipohesabiwa kuwa sailensa

Barua ilinikuta natoka zamu ya usiku. Nilidhani ni mambo ya kodi. Kumbe inatoka ATF, idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia silaha. Walisema kile kibomba nilichonunua mtandaoni miaka miwili nyuma wanakihesabu kuwa sailensa, yaani kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki, na sailensa isiyosajiliwa ni kosa kuwa nayo.

Kibomba chenyewe kiko hivi. Ukisafisha mtutu kwa dawa, uchafu hutiririkia mdomoni mwa bunduki. Unakifunga pale mdomoni kwa skrubu. Ndani kina vikombe vidogo vilivyopangwa mfululizo, dawa inakusanyika humo na sakafu inabaki safi. Nilikilipia kwa kadi, kikaletwa na posta hadi mlangoni kwangu hapa Ohio, nami nikakitumia kusafishia bunduki yangu ya .22, basi. Lakini vile vikombe ukivitoboa katikati ili risasi ipite, umetengeneza sailensa. Na vyangu kila kimoja kilikuwa na kialama katikati, hasa pale pa kuwekea ncha ya keekee. Nilikuwa nimekiona tangu siku ya kwanza bila kujiuliza ni cha kazi gani.

Sheria inayosimamia sailensa ni ya 1934. Tangu marekebisho ya 1986, neno hilo halibebi kifaa kilichokamilika tu, linabeba hata mkusanyiko wa vipande vilivyokusudiwa kukiundia. Kwa hiyo sheria ilikuwa ile ile siku niliyonunua. Kilichobadilika ni jinsi bidhaa yangu ilivyotazamwa. Muuzaji aliiita kifaa cha usafi, nami nikaamini jina.

Adhabu inafika miaka 10 jela. Kilichoninyima usingizi zaidi ni kwamba mimi si raia, nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Kuwa na sailensa isiyosajiliwa kumo katika orodha ya makosa mazito ya sheria ya uhamiaji, yale ambayo ukitiwa hatiani unarudishwa kwenu hata kama watoto wako wamezaliwa hapa. Mke wangu aliisoma barua mara mbili, akaniuliza, "Baba watoto, hiki kitu kiko wapi sasa hivi?" Kilikuwa kabatini, chini ya ngazi.

Ushauri ulikuja wa kila namna. Rafiki yangu Mkongo tunayekwenda naye kulenga shabaha aliniambia, "Ndugu yangu, kisage, tupa mtoni, nyamaza." Mwingine alisema nijaze fomu nikisajili. Namshukuru Mungu sikufuata hata mmoja. Nilitafuta mwanasheria wa kesi za silaha, nikahakikisha anazungumza na mwenzake wa uhamiaji kabla hatujafanya lolote. Alinieleza kwamba kibali cha kutengeneza sailensa hutangulia. Iliyokwisha kuwa mkononi bila usajili huwezi kuisajili baadaye. Na kuharibu kitu baada ya kupokea barua kunaweza kusomeka kama kuficha ushahidi. Nisikiuze, nisimpe mtu, nisikipeleke popote, nisiwapigie ATF kujieleza mwenyewe. Hilo la mwisho lilinipa taabu, maana nimelelewa kwamba asiye na hatia husema. Yeye akasisitiza: maneno yangu juu ya nia yangu ndiyo yangepimwa.

Nilimpa risiti ya ununuzi, barua, na picha za vikombe visivyotobolewa. Yeye ndiye aliyewasiliana nao. Ofisa wa ATF alikuja kukichukua, nikasaini fomu ya kuachia mali, nakala nikabaki nayo. Hakuna aliyenihoji wala kunishtaki. Ile nakala nimeiweka pamoja na pasipoti za familia, kwa siku nitakayoomba uraia.

Tangu 1 Januari 2026 ile kodi ya dola 200 ya kusajili sailensa imeshuka hadi sifuri. Wengi wamelielewa hilo vibaya. Maombi, alama za vidole na picha bado vinatakiwa, na lazima idhini ije kwanza. Mlioko New York au California, huko jimbo lenyewe limempiga marufuku raia wa kawaida kuwa na sailensa. Na kama una kibomba cha namna hii kabatini, usisubiri barua. Mtafute mwanasheria, na usiguse keekee.

Mimi siku hizi natandika magazeti makuukuu sakafuni, nasukuma kitambaa kwa ufito, uchafu unadondoka hapo.