Jinsi tulivyopata pesa za pampu ya sola kwenye shamba la tiba

Shamba letu liko Kabare, nje kidogo ya Bukavu, mashariki mwa Kongo. Watu wanaopona magonjwa ya akili na majeraha ya vita wanalima mboga na kufuga sungura pale, na kazi yenyewe ni sehemu ya matibabu. Shida ilikuwa maji. Chemchemi iko bondeni, na jenereta ilikula pesa za esanse kabla dawa hazijanunuliwa.

Kila tulipoomba msaada wa sola, jibu lilikuwa moja: bajeti ni kubwa mno. Nikaketi na fundi, tukaipekua mstari kwa mstari. Kilichopandisha bei ni betri. Lakini pampu ya maji haihitaji betri! Jua likiwaka inapandisha maji. Usiku akiba ni tangi. Kupandisha lita 1,000 hadi mita 36 kunahitaji takriban wati-saa 100. Hata pampu ikipoteza nusu ya nguvu, ni 200, na paneli ya wati 400 inazitoa ndani ya saa moja ya jua kali.

Ndipo tukagawa ombi vipande vipande, kila kimoja na proforma yake, yaani karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji. Wanakwaya wakachukua mabomba. Mama wa likelemba, kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu, sokoni Kadutu wakachukua tangi. Ndugu walioko Ubelgiji wakalipa pampu na paneli. Kila risiti niliipiga picha na kuituma WhatsApp siku ileile; naamini hilo ndilo lililofungua mifuko kuliko barua zote.

Sasa tunachangisha taa za bweni. Hizo kweli zinahitaji betri.