Nyama choma Uutela, mwisho wa reli ya Vuosaari

Wageni wengi wakipelekwa Vuosaari huishia Columbus, jengo la maduka lililo jirani na stesheni ya metro, kisha wanageuza. Hasara tupu. Uzuri wa kitongoji hiki cha mashariki mwa Helsinki uko upande wa baharini, hasa Uutela, eneo la mapumziko lenye meko ya kuchomea nyama, na mwezi Juni jua linazama karibu saa tano usiku, kwa hiyo muda upo.

Nyama inunuliwe mapema kule Puhos, jengo la maduka karibu na stesheni ya metro ya Itäkeskus, kwenye maduka ya halali. Omba ya steki, uikate vipande vya mshikaki. Mbuzi wa mifupa atakukesha kwenye moto wa kuni. Ukipanda metro Itäkeskus, soma kibao: ya Vuosaari ni M1. M2 inachepuka hapo kwenda Mellunmäki, na ukijikuta Myllypuro umeshapotea, rudi kituo kimoja. Tiketi ya kanda za AB inatosha. Mageti hakuna, ila wakaguzi wapo.

Kutoka stesheni teremka kwa miguu hadi ufukwe wa Aurinkolahti, fuata maji kuelekea mashariki mpaka kwenye mfereji. Ng'ambo yake ndiyo Uutela.

Moto huwashwa kwenye meko yaliyotengwa tu. Wikiendi ya jua kuni huwahi kuisha, au yanabaki magogo mabichi yanayotoa moshi mtupu, kwa hiyo beba kishoka na kuni kavu kidogo. Wengi huharibu hapa: wanachoma miali ikiwa bado juu, nyama inaungua nje na ndani mbichi. Subiri makaa. Na kabla hujatoka nyumbani angalia taarifa ya hali ya hewa; kukiwa na metsäpalovaroitus, yaani tahadhari ya moto wa msituni, moto wa wazi ni marufuku hata hapo mekoni.

Mkitaka kuogelea na maji ya bahari yana ukijani, chota kwenye glasi uyaache saa nzima. Utando wa kijani ukielea juu, huenda ni sinilevä, ule mwani wenye sumu, watoto wasiingie.

Kupe nao wamejaa kwenye majani marefu. Chomeka suruali ndani ya soksi, na usiku kagueni nyuma ya magoti, kwapani na kinenani. Aliyeng'ata ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole, asipakwe mafuta. Chanjo ya kupe inakinga homa ya ubongo tu. Borrelia, bakteria wa ugonjwa wa Lyme ambao kupe pia huwaeneza, chanjo hiyo haiwazuii, hivyo doa jekundu linalotanuka likitokea hata wiki kadhaa baadaye, nenda kituo cha afya.