Ninavyotumia sumaku kuchambua alumini ya kufuliwa kabla ya kuiyeyusha

Mimi ni fundi wa kusubu, yaani nayeyusha metali na kuimimina kwenye kalibu, hapa Dar es Salaam. Kazi yangu kubwa ni puli za mashine za kusaga na kukoboa, na malighafi yangu ni alumini chakavu ya magari: pistoni, silinda hedi, rimu, na ile mikono ya saspensheni ya alumini ya kufuliwa (iliyogongwa au kukandamizwa ikiwa moto hadi kupata umbo) inayotoka hasa kwenye magari ya Ulaya. Hiyo mikono ndiyo iliyonifanya niichunguze sumaku kwa undani, kwa sababu kila ilipofika kwenye mizani ubishi haukuisha.

Muuzaji anaapa: "Bosi, hii ni alumini tupu, inua uone ilivyo nyepesi." Kijana wangu anapitisha sumaku, inanasa. "Mzee, tusichukue, ina chuma hii." Nikiwasikiliza nilikuwa naona kila mmoja ana haki yake. Nilichotaka ni njia ya kukata shauri bila kumdhulumu muuzaji na bila kuharibu yeyusho langu.

Kwanza niliiondoa ile dhana iliyozoeleka kwamba alumini ikishafuliwa inaanza kushikwa na sumaku. Watu wanaipata kwenye stenlesi, na huko ina ukweli. Chukua sumaku ndogo uiweke kwenye ubapa wa sinki la jikoni la stenlesi, mara nyingi haishiki. Isogeze hadi kwenye kona ya bakuli, pale bati lilipovutwa na kukunjwa kwa nguvu likiwa baridi, utaisikia inavutika kidogo. Stenlesi ya aina hiyo ikikandamizwa, sehemu ya mpangilio wa chembe zake hubadilika na kuwa ya kushikwa na sumaku. Alumini haina badiliko la namna hiyo. Hupashwa moto nyuzi 400 na zaidi bila kuyeyuka, ikagongwa au kukandamizwa na presi ndani ya kalibu ya chuma. Inapata nguvu, punje zake zinafuata umbo la kifaa, lakini mbele ya sumaku inabaki vilevile. Inavutwa, ndiyo, ila kwa kiasi kidogo mno: inaongeza nguvu ya uga wa sumaku kwa takriban sehemu 2 katika 100,000. Mkono wa binadamu hausikii kitu hapo.

Hata ule mchanganyiko wenyewe hauna hatia. Aina ya alumini yenye namba 6061, ambayo hufuliwa sana, inaruhusiwa kuwa na chuma hadi asilimia 0.7, lakini chuma hicho kimeungana na alumini na kutengeneza kitu kingine ambacho sumaku haikijali. Kwa hiyo mkono wa alumini ukinasa, tafuta chuma kilichopachikwa.

Nikaanza kufuatilia kipande kwa kipande, polepole, kwa sumaku ya spika. Mkono mmoja ninaoukumbuka vizuri ulikuwa hivi: katikati, kwenye ule ubavu mrefu, sumaku inateleza tu. Ikifika kwenye tundu kubwa la nyuma inaruka na kunasa. Ndani ya tundu, chini ya raba iliyopasuka, kulikuwa na bushi yenye mkebe wa chuma uliokandamizwa mule. Upande wa pili ikanasa tena, kwenye boljointi, kile kiungo cha chuma chenye kichwa cha mviringo. Halafu ikashika kidogo sana mahali pasipo na kitu, karibu na upande wa breki. Nikapasugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikatoka tope nyekundu: unga wa chuma wa breki na kutu. Baada ya hapo haikushika tena. Tangu siku ile tunasafisha kwanza, ndipo tunapima.

Kwa nini nahangaika na bushi? Mafundi wengi wanatumbukiza mkono mzima kwenye chungu, alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, kisha wanaokota chuma kwa kulabu kwa sababu chenyewe kinahitaji karibu nyuzi 1,500. Njia hiyo inafanya kazi kama una haraka na kulabu yako haikosi. Lakini chuma ni kizito zaidi ya mara tatu ya alumini iliyoyeyuka, kinazama chini, na kikikaa kinaanza kuliwa taratibu. Chuma kikishaingia kwenye yeyusho, kukitoa ni shida kubwa. Kikipita takriban asilimia 1, wakati wa kupoa hujitengeneza vibapa vyembamba vigumu vinavyoifanya puli ivunjike kirahisi, na mkerezaji atakuletea malalamiko kwamba kisu cha lethi kinakutana na sehemu ngumu. Mimi naona dakika chache za kutoa bushi kwa presi au kuikata kwa msumeno ni nafuu.

Sasa kuna jambo la pili, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Sumaku isiposhika, bado ina la kusema. Nilitoa sumaku kwenye diski ya kuhifadhia data (hard disk) ya kompyuta iliyokufa, zile ndogo zenye nguvu kupita kiasi. Nikaegemeza rimu ya kufuliwa iliyokatwa, upande laini juu, nikaiachia sumaku iteleze. Haikuporomoka. Ilishuka taratibu, kwa mwendo uleule hadi mwisho. Nikafanya hivyohivyo kwenye bati la stenlesi lisiloshika sumaku: ikaporomoka mara moja.

Sababu yake ni umeme. Mwanasayansi Mwingereza Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na kipitishi, umeme unazaliwa ndani yake. Umeme huo unazunguka humohumo kwenye alumini na kuzaa usumaku unaopinga mwendo ulioutengeneza. Wafaransa wanaiita mikondo ya Foucault, kwa jina la mwanafizikia wao aliyeichunguza mwaka 1855. Tumeishi nayo ukutani miaka mingi: kile kisahani kilichokuwa kinazunguka kwenye mita za umeme za zamani, kabla ya LUKU (mita za kulipia kabla), ni cha alumini, kinasukumwa na mikondo hiyo na kufungwa breki na sumaku ya kudumu iliyo pembeni yake.

Kwenye pistoni za dizeli, sumaku peke yake haitoshi. Nyingi zina pete ya chuma chenye nikeli, imesubiwa pamoja na alumini kwenye mfereji wa ringi ya juu ili usiliwe haraka. Sumaku ya spika haiioni, kwa kuwa chuma cha namna hiyo hakishikwi, au kinashikwa kidogo mno. Lakini ukiangalia ndani ya mfereji utaona rangi imebadilika, kuna mstari mwembamba pale vinapokutana, na tupa haili kirahisi kama kwenye alumini. Pistoni hizo naziweka kando na kuikata ile sehemu ya juu.

Kuna mambo sumaku haiwezi, na nisingependa mtu apate hasara kwa kuiamini kupita kiasi. Haitenganishi alumini ya kufuliwa na ya kumiminwa. Hapo natumia macho: ya kufuliwa ina mshono mpana wenye alama za kukatwa pale mabaki yalipopunguzwa, na ukiikata, ndani haina vitundu. Tofauti hiyo inanihusu sana, maana ya kufuliwa ina silikoni kidogo, karibu asilimia 1, na peke yake haijazi kalibu ya mchanga vizuri. Naichanganya na pistoni, ambazo zina karibu asilimia 12.

Vilevile magnesi, metali nyepesi kuliko alumini, nayo haishikwi, na nayo hupunguza mwendo wa sumaku, ila ikiingia kwenye tanuri inaweza kuwaka, na maji yanazidisha moto. Kipande chepesi kuliko kawaida nakipiga tupa, nadondosha siki. Kikitoa povu la haraka, hakikaribii jiko langu. Na ile sumaku ya kompyuta naiweka mbali na tanuri, kwa sababu za kawaida za aina hiyo zikipita nyuzi 80 zinaanza kupoteza nguvu, na zikigongana zinavunjika na kubana vidole.

Na wauzaji tumekubaliana hivi: mkono ukinasa sehemu za bushi na boljointi tu, tunavitoa mbele yake, kisha tunapima uzito. Alumini analipwa bei ya alumini, chuma kinachobaki anaweza kukichukua akauze kwingine, na wengi wao siku hizi wanakuja wameshavitoa wenyewe.