Kebo za chini ya bawa

Leo nimeshinda gerejini na kitambaa cha pamba mkononi, napangusa kebo za waya zinazoshikilia mabawa ya ndege yangu ndogo ya mtu mmoja, moja baada ya nyingine. Nje theluji, ndani hita inanguruma. Quicksilver MX niliyoinunua ikiwa imechoka imelala vipande vipande: mabawa yake yana upana wa karibu mita 10, hayaenei humu, kwa hiyo mabomba ya alumini yameegemezwa ukutani, injini iko mezani, na kebo zinaning'inia kwenye misumari, kila moja na lebo yake.

Kitambaa hakipitishwi haraka. Kinateleza, kinateleza, halafu kwenye kebo ya chini ya bawa la kushoto kikanasa, karibu kabisa na pale inapoingia kwenye pete ya shaba iliyobanwa. Nikaomba tochi. Uzi mmoja wa waya umekatika, ncha imechomoza, fupi kuliko ukope.

"Baba, si zimebaki nyingine nyingi?" mwanangu akauliza.

Zimebaki 48, maana kebo hii imesokotwa kwa mafungu saba ya nyuzi saba saba. Lakini uzi huo haukukatwa na kitu. Umechoka kwa mtikisiko, na majirani zake wametikisika miaka ileile. Kebo za juu kazi yake ni kushikilia mabawa yasilale ndege ikiwa chini. Za chini ndizo zinazobeba uzito ukiwa angani. Hii naitupa, na ya kulia naitupa pia, ingawa haikunasa popote.

Hapa Marekani ndege ya namna hii iko chini ya kanuni iitwayo Part 103, ya mwaka 1982. Mtu mmoja tu, uzito usiofika kilo 115 ikiwa tupu, petroli isiyozidi lita 19, mwendo usiozidi takriban kilomita 102 kwa saa. Ukiyatimiza hayo hudaiwi leseni ya urubani, ndege haisajiliwi, wala hakuna mkaguzi wa kuja kugonga mhuri. Wengi wakisikia hivyo hufurahia uhuru. Mimi hunitia adabu. Fundi wa ndege kubwa akipitiwa na jambo, kuna mwingine wa kulikagua. Baada yangu hakuna mtu.

Injini ni Rotax 447, silinda mbili, ya kuchanganya petroli na oili, sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili. Mchanganyiko huo nimeujua tangu utotoni Tanga, kwenye mashine za boti. Baba mdogo alikuwa akitikisa dumu mpaka aridhike, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Sasa ndiyo nafahamu kwa nini. Injini hii haina oili iliyokaa chini yake ikisubiri. Oili yote inaingia pamoja na petroli. Kati ya kabureta na silinda kuna kiungo cha mpira. Kikipata ufa, hewa ya ziada inapenya, petroli haitoshi, joto linapanda, pistoni inakwama. Baharini mashine ikikwama unatia nanga, unangoja. Angani una muda mfupi wa kuchagua shamba la kutua.

Ndiyo maana mpira ule siutazami tu. Naupinda kwa kidole gumba, kwa sababu nyufa hujificha ukiwa umetulia, hufunguka ukipindwa. Zikafunguka mbili, nyembamba, upande usioonekana injini ikiwa mahali pake. Mpira mpya nimeshauagiza, pamoja na kebo.

Kilichobaki ni kitambaa cha mabawa. Ni Dacron, aina ya polyester, na Dacron adui yake ni jua: rangi inapauka kwanza, nguvu inakwenda nayo. Upande wa juu umepauka sana, na mishono ya ukingo wa mbele siiamini. Kipya ni ghali kuliko vyote nilivyonunua mpaka sasa. Hiki cha zamani nitakipima nguvu kabla ya kukirudisha kwenye mabomba, na kikishindwa nitaanza kuweka akiba, hata kama msimu mzima wa kiangazi utapita nikiwa chini.